Dondoo muhimu: Kurekodi hadithi zako nyumbani

Studio nzuri unayo tayari: kabati la nguo. Lifungue, simama ukilielekea. Nguo humeza mwangwi ambao ukuta mtupu huurudisha. Simu inatosha. Iweke umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo mwa mdomo, ili "p" na "b" zisivume kama upepo. Zima data na feni. Friji nayo, ila tia funguo zako humo, usije ukasahau kuiwasha na samaki wakaharibika. Mvua ikianza kupiga bati, acha tu kurekodi.

Ukikosea, usianze upya: piga kofi, rudia sentensi. Kofi litaonekana kama mwiba kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, nawe utakata hapo. Kabla ya "Paukwa", rekodi sekunde 10 za ukimya wa chumba. Zitasaidia kuondoa mvumo.