Watawa wa Bara Hindi na Njia ya Kujinyima

Wakatekumeni wapenzi, kila mara Kwaresima inapokaribia, yuko mmoja aulizaye: Je, sisi Wakristo peke yetu ndio tunaofunga kwa ajili ya Mungu? La, sivyo. Waislamu jirani zetu hufunga, nanyi mwajua. Leo tusikie habari za Wahindu. Huku kwetu, toka Lubarika hata Uvira, tumezoea kumwita «Muhindi» kila mchuuzi atokaye Bara Hindi, wala hatuulizi ni wa dini gani.

Mwaka 1781, katika kijiji cha Chhapaiya, kaskazini ya Bara Hindi, alizaliwa mtoto aitwaye Ghanshyam. Wazazi wake walipokwisha kufariki, naye akiwa na umri wa miaka 11 tu, aliiacha nyumba yao. Akatembea kwa miguu miaka 7, akipita milima na misitu, akitafuta mwalimu wa kweli. Mwaka 1799 alifika Loj, katika nchi ya Gujarat, akawakuta watawa wa mzee Ramanand Swami. Mzee akampokea, akampa jina la Sahajanand, na kabla ya kufa akamkabidhi wafuasi wake wote. Hao walimwita Swaminarayan.

Watawa wake walishika sheria kali: hawakuoa, hawakugusa fedha. Chakula walichopewa walikichanganya chote katika bakuli la mti, wakatia maji, ili ulimi usitamani utamu. Fikirini ugali, sombe na ndizi mbivu vimekorogwa pamoja! Lakini hawakuwakimbia watu. Wakati wa njaa waligawa chakula. Walichimba visima pia. Naye Sahajanand alikataza kuwaua watoto wachanga wa kike, akakataza pia mjane kuchomwa moto pamoja na maiti ya mumewe.

Mwaka 1825 askofu wa Kianglikana, Reginald Heber, alionana naye huko Nadiad. Aliona matunda mema ya mafundisho yake, walakini alisikitika kwamba desturi ya kutenganisha watu kwa matabaka haikuondolewa.

Sahajanand alifariki mwaka 1830. Baadaye wafanyabiashara wa Gujarat walivuka bahari pamoja na imani yao, wakajenga mahekalu Mombasa, Nairobi na Kampala. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia katika Uganda, na wengi wakahamia Uingereza. Nairobi walibaki, na mwaka 1999 hekalu lao kubwa la mawe lilifunguliwa huko.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulitufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Basi tusiwacheke watawa wale. Lakini wafuasi wengi wa Sahajanand humwabudu kama Mungu aliyeshuka duniani, na hapo twaachana nao. Maana sisi twakiri kwamba Mwana wa Mungu ni mmoja tu, Yesu Kristo, aliyefanyika mtu kwa ajili yetu. Wala neema yake hainunuliwi kwa njaa ya tumbo. Mkatekumeni asiseme: Nimefunga siku 40, basi Padri ana deni la kunibatiza. Ubatizo ni zawadi. Kufunga kwatutayarisha mikono kuipokea.

Maulizo
1. Watawa wale walitia maji katika chakula kwa sababu gani?
2. Chakula unachojinyima katika Kwaresima, nani katika kijiji chako atakila?
3. Mhindu akikuuliza dukani kwa nini wafunga, utamjibu nini?