Fedha ya Bonde la Joachim

Wasomaji wetu, kila ashikaye sarafu huamini kwamba thamani yake ni ile iliyopigwa chapa juu yake. Leo twataka kueleza habari za sarafu moja ya kale ya Ulaya ya kati, tupate kujua imani hiyo yasimama juu ya nini.

Mwaka 1516 fedha nyingi ilionekana ardhini katika bonde la Joachimsthal, nchi ya Bohemia. Siku hizi mji ule huitwa Jáchymov, nao u katika Ucheki. Mabwana wa ukoo wa Schlick, waliolimiliki bonde lile, walipata ruhusa mwaka 1520 kupiga sarafu. Upande mmoja walitia sura ya Mtakatifu Joachim, na upande wa pili simba wa Bohemia. Uzito wake ulikuwa kadiri ya gramu 29.

Mafundi waliyeyusha fedha, wakaifua hata ikawa bamba, wakakata vipande vya duara na kuvipima. Kisha kipande kiliwekwa juu ya chapa ya chuma iliyokazwa katika kigogo. Chapa ya pili ikashikwa juu yake, ikapigwa kwa nyundo. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya mkono, hazikupatikana sarafu mbili zilizolingana kabisa. Hapo wezi walipata nafasi: walikwangua ukingo kidogo kidogo, wakaweka chenga za fedha, na sarafu wakaitoa sokoni kana kwamba ni nzima. Basi mfanyi biashara mwenye akili hakutazama sura tu, alitumia mizani.

Lakini mwizi mkubwa zaidi alikuwa mwenye chapa. Kati ya miaka 1619 na 1623 watawala wengi wa nchi za Wajerumani walizidisha shaba katika sarafu ndogo, wapate mali ya vita. Bei zikapanda, na maskini wakaona akiba yao imegeuka shaba. Mwisho kodi ikalipwa kwa sarafu zile zile mbovu, na hasara ikawarudia watawala wenyewe.

Jina la Joachimsthaler lilifupishwa likawa thaler, maana yake “ya bondeni”, na humo limetoka jina la dola. Hata Unguja, katika karne ya 19, watu walifanya biashara kwa thaler ya Maria Theresa, wakiiita reale.

Walimu na wawaulize watoto: Chapa ni ahadi, je, ahadi isipotimizwa, ni nani apatwaye kwanza?