Dondoo muhimu: Uwahoji watu wangapi?

Usichukue asilimia 10 ya walengwa kwa mazoea. Fomula ya Yamane, wanayoipenda wanafunzi wengi wa vyuo vyetu, ni n = N ÷ (1 + Ne²): N ni idadi ya walengwa, e ni kosa unalovumilia. Kwa walimu 1,200 na kosa la asilimia 5 (yaani 0.05), unapata 300. Kwa watu milioni moja? Takribani 400 tu. Ukitaka kosa lishuke hadi asilimia 2.5 kwa umma mkubwa kama huo, sampuli inapanda karibu mara nne, na nauli za wadadisi nazo.

Wapo watakaokataa kujibu. Ukitarajia 80 kati ya 100 wajibu, gawa 300 kwa 0.8, usambaze madodoso 375. Na kama utalinganisha wilaya kwa wilaya, kila wilaya ihesabiwe sampuli yake. Hapa ndipo bajeti nyingi hukwama.

Ukubwa hauponyi uteuzi mbaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda majimbo yote isipokuwa mawili.