Saa ya Meli, Saa ya Nchi Kavu: Somo la Kupanga Siku ya Bandarini

Wenzetu wengi wanaomaliza masomo ya lugha hupata kazi ya kuongoza wageni, kufasiri, au kupanga safari. Kazi hiyo ikikupeleka Mombasa au Zanzibar, utakutana na meli kubwa za kitalii ambazo hutia nanga asubuhi na kuondoka jioni. Abiria wana saa chache tu za kutembea nchi kavu. Vitabu vya safari huwaambia waende wapi. Ni vichache vinavyowaambia kwamba siku kama hiyo huharibika kwa maneno kabla ya kuharibika kwa njia: neno la saa, neno la siku, neno la bei. Somo hili linahusu maneno hayo.

Nalitoa kutoka Bunia, mji usio na bahari. Lakini tuna ziwa chini ya mlima. Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo ninakusanya maneno ya usafiri wa majini kutoka kwa wapakiaji na wafanyabiashara wa Kasenyi na Tchomia, kwenye Ziwa Albert. Niliyoyasikia huko yananisaidia kueleza ya bahari, maana shida ni ileile: chombo kinaondoka kwa saa yake, na aliye nchi kavu anaishi kwa saa nyingine.

1. Saa tatu katika siku moja

Msafiri wa majini ana saa tatu, na lazima azitenganishe.

Ya kwanza ni saa ya chombo. Meli ya kitalii inaweza kubaki na saa ya nchi iliyotoka badala ya kufuata ya nchi iliyofika. Mfano mzuri ni meli inayotoka Seychelles kwenda Mombasa. Seychelles iko saa moja mbele ya Kenya. Nahodha asipobadilisha saa, tangazo la kuondoka "18:00" ni 17:00 kwa watu wa mjini. Abiria anayefuata simu yake, iliyokwisha kujirekebisha kwa mtandao wa Kenya, atafika gatini akiwa amechelewa kwa saa nzima huku akidhani amewahi.

Ya pili ni saa ya nchi. Sisi wa Ituri tunaijua vizuri. Kinshasa wako saa moja nyuma yetu, na Uganda wako saa moja mbele. Kasenyi ikiwa 8:00, ng'ambo ya pili Ntoroko ni 9:00. Mama mmoja anayeuza samaki alinieleza kwamba akiwa Ntoroko haulizi "saa ngapi tunarudi?" bali "saa ngapi ya huku?" Neno hilo moja, "huku", linafanya kazi kubwa.

Ya tatu ni saa ya mdomo, na hii ndiyo ya mwanaisimu. Kiswahili huhesabu kuanzia macheo na machweo. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza kupita baada ya jua kuchomoza, yaani 7:00. Shuleni tumesoma saa kwa Kifaransa, ambapo hesabu huanza usiku wa manane. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni saa sita daima, haizidi wala haipungui. Ukitaka kuikumbuka, tazama uso wa saa ya ukutani: mshale mfupi ukielekea 8, wewe soma namba iliyo upande wa pili, yaani 2. Saa mbili.

Hatari inakuja pale mtu anapotafsiri namba bila kutafsiri hesabu. Karatasi ya meli inasema dereva awe gatini 8:00. Mwongozaji asiye makini anampigia dereva na kumwambia "saa nane". Dereva anakubali kwa moyo mweupe, na anakuja 14:00, wakati siku imekwisha kuvunjika. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alisema Kiswahili sahihi.

Tena, namba peke yake haitoshi hata kati ya Waswahili wawili. Saa kumi na moja ni 5:00 na ni 17:00 pia. Kwa hiyo namba isitembee bila mwenzake: saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na moja jioni. Alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku: maneno haya si mapambo ya sentensi. Ni nusu ya habari.

2. Siku nayo ina mitego

Kwa hesabu ya zamani ya pwani, siku huanza jua linapozama. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Lamu unaweza kuwa usiku ule ambao sisi tungeuita wa Alhamisi. Kiswahili kimetupa dawa yake: sema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na hakuna atakayekosea.

Mtego wa pili unatuhusu sisi Wakongo zaidi. Wengi wetu huhesabu siku kuanzia mwanzo wa kazi: siku ya kwanza au kazi moja, kisha ya pili, ya tatu, mpaka siku ya posho. Kwetu siku ya tatu ni katikati ya juma. Lakini majina ya pwani huhesabu kutoka siku inayofuata Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Ukimwambia mwenye mashua wa Zanzibar "siku ya tatu" ukifikiri Jumatano, anaweza kusikia Jumatatu. Taja jina la siku pamoja na tarehe.

3. Neno "pwani" linasema nini

Huku kwetu neno pwani tunalijua zaidi vitabuni. Ndani yake mna kitenzi -pwa, yaani maji kupungua na kurudi nyuma. Pwani ni mahali maji yanapokupwa. Ziwani hakuna jambo hilo, ndiyo maana mtu wa ziwa anaweza kupanga siku ya bahari bila kulifikiria hata kidogo.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar kuna fungu la mchanga linaloitwa Nakupenda, ambalo hufunikwa maji yanapojaa. Kwenye fukwe za mashariki ya Unguja, maji yakipwa, bahari huenda mbali mno, na aliyekuja kuogelea hukuta matope, mwani na mawe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye mashua lisiwe la bei. Liwe hili: "Leo maji yanajaa saa ngapi, na yanakupwa saa ngapi?"

Majina ya bandari nayo husaidia mpangaji. Kilindini, bandari kubwa ya Mombasa, inatokana na kilindi, mahali penye kina kirefu. Meli kubwa hufunga gatini na abiria hushuka kwa miguu yao. Penye maji haba, meli hukaa mbali na abiria huletwa kwa mashua ndogo, foleni ya kwenda na foleni ya kurudi. Forodhani ni penye forodha, mahali pa ushuru. Leo Forodhani ya Zanzibar ni bustani, lakini jina linakuambia kwamba hapo ndipo bidhaa zilipokuwa zikishushwa, na kwamba Mji Mkongwe uko hatua chache tu mbele yako.

4. Panga kutoka mwisho

Kanuni kubwa ya siku ya bandarini ni kuanza na saa ya kurudi na kuhesabu kinyumenyume. Tuchukue meli iliyofunga Kilindini, inayoondoka 18:00, na saa ya meli ni sawa na ya Kenya.

Abiria hutakiwa wawe ndani kabla ya kuondoka. Tuseme 17:00, saa kumi na moja jioni. Ondoa nusu saa ya lango, ukaguzi na kutembea hadi melini: uwe langoni saa kumi na nusu alasiri. Kutoka Mji wa Kale hadi bandarini si mbali kwenye ramani, lakini magari ya Mombasa hayafuati ramani, kwa hiyo tenga saa nzima. Unaondoka Mji wa Kale saa tisa na nusu alasiri. Sasa njoo asubuhi: meli imefunga saa mbili, na kushuka kunachukua saa moja. Unaanza saa tatu. Siku yako, iliyoonekana ya saa kumi, ina saa sita na nusu.

Katika saa hizo, mambo mawili yanatosha. La kwanza ni Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2011. La pili ni Mji wa Kale uliopo jirani yake, pamoja na chakula cha mchana. Anayeongeza pwani ya kusini kwa njia ya Likoni anajitia kwenye kivuko, na foleni ya Likoni haina ahadi. Anayeongeza wanyama wa Tsavo anajifunga kwenye barabara ndefu ambayo lori moja lililoharibika linatosha kuifunga. Siku ikiwa Ijumaa, jua pia kwamba maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa sala ya adhuhuri. Na siku yoyote, mwambie mgeni afunike mabega na magoti.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mgeni ana haki ya kulijua. Kwa kawaida, ziara iliyouzwa na meli yenyewe ikichelewa, meli huingoja. Aliyejipangia mwenyewe hangojwi. Kwa hiyo wewe uliyeajiriwa na mtu binafsi unabeba mzigo mzito kuliko mwongozaji wa kampuni.

5. Aliyechelewa hachagui

Kwa mtalii, kuchelewa ni hasara ya fedha: atalala hotelini na kuifuata meli bandari inayofuata. Kwa watu wa ziwa letu ni jambo jingine. Chukua mfano. Mwenye boti wa Ntoroko amesema "tunarudi saa tisa". Kwa saa ya Uganda hiyo ni saa nane ya Kasenyi. Mfanyabiashara wa Bunia anayefuata simu yenye saa ya Kongo anafika saa nzima baada ya boti kuondoka. Mizigo ipo mchangani, jua linashuka. Sasa atapanda chombo chochote kitakachopatikana, hata kilichojaa kupita kiasi, hata kisicho na makoti ya kuelea.

Ziwa Albert lina dhoruba za ghafla, na halisamehi boti iliyojaa. Mwezi wa Machi 2014, boti iliyobeba wakimbizi Wakongo waliokuwa wakirudi kutoka Uganda ilipinduka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Sisemi kwamba saa ndiyo iliyowaua. Boti ilikuwa imejaa mno. Ninasema kwamba nafasi ya kukataa boti iliyojaa anayo yule aliyefika mapema. Aliyechelewa hachagui. Ndiyo sababu naona somo hili la saa si la watalii peke yao.

6. Sentensi za kushika

Pwani, anza kwa salamu. Kwa mzee, "Shikamoo" hutangulia, naye atajibu "Marahaba". Huku kwetu papa na mama vinatosha kuonyesha heshima, kule usiruke shikamoo. Kisha:

"Tunaondoka saa ngapi, ya asubuhi au ya jioni?"
"Hiyo ni saa ya huku au saa ya melini?"
"Bei hiyo ni ya kwenda tu, au kwenda na kurudi?"
"Ni kwa kila mtu, au kwa gari zima?"
"Tukikuta foleni, utatungoja? Malipo ya kungoja ni kiasi gani?"

Mwishowe rudia mapatano yote kwa sauti, namba na sehemu ya siku, na umwombe mwenzako ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "sawa" tu, hujapata jibu bado. Andika kwenye karatasi kwa hesabu mbili, hivi: saa tisa na nusu alasiri (15:30). Karatasi hiyo mpe dereva, na nyingine mpe mgeni.

7. Mazoezi

(a) Meli imetoka Seychelles na haijabadilisha saa. Tangazo lasema abiria wawe ndani 16:30. Mwambie dereva wa Mombasa saa hiyo kwa Kiswahili, pamoja na sehemu ya siku.

(b) Umefika Ntoroko saa nne asubuhi kwa saa ya Kasenyi. Boti inarudi saa nane mchana kwa saa ya Uganda. Una saa ngapi za kufanya biashara?

(c) Rekebisha mapatano haya ili yasiwe na maana mbili: "Njoo utuchukue siku ya tatu, saa kumi na moja."

Majibu: (a) saa tisa na nusu alasiri. (b) Saa tatu: umefika saa tano kwa saa ya huko. (c) Majibu ni mengi. Lililo sahihi litakuwa na jina la siku, tarehe, sehemu ya siku, na neno "ya huku" au "ya kule".