SOMO LA TEHAMA: Modemu ya Kuigiza Ikikataa Kuunganisha, Tafuta Hitilafu Hatua kwa Hatua

Katika somo la leo tunaingia kwenye kompyuta ya zamani bila kuinunua. Tutatumia DOSBox, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, ambayo huigiza kompyuta ya enzi ya DOS ndani ya kompyuta yako ya leo. Programu za aina hii huitwa emuleta. Ndani ya DOSBox mna modemu isiyoonekana wala kushikika. Programu ya zamani hudhani inapiga simu, kumbe DOSBox inaichukua "simu" hiyo na kuipitisha kwenye intaneti.

Huenda ukauliza: hili litanifaa nini? Kwa mwalimu wa somo la kompyuta, ni njia ya kuwaonyesha wanafunzi mawasiliano ya kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kijana anayetaka kuwa fundi wa mitandao, ni mazoezi yasiyogharimu kifaa chochote. Na kwa sisi wengine, linafundisha jambo ambalo fundi mzuri hulijua: namna ya kutafuta hitilafu kwa utaratibu badala ya kubahatisha. Utaratibu huo ndio utakaoutumia intaneti ikikatika shuleni, dukani au kwenye afisi ya chama chenu.

Modemu ilitoka wapi?

Mwaka 1981, kampuni ya Hayes ya Marekani ilianza kuuza modemu iliyoitwa Smartmodem. Ilipitisha biti 300 kwa sekunde, na iliongozwa kwa amri zinazoanza na herufi AT, yaani "sikiliza". Watengenezaji wengine waliziiga amri hizo, na modemu ya DOSBox nayo huzifuata. Miaka mitatu kabla ya hapo, Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess walikuwa wameanzisha mjini Chicago ubao wa kwanza wa matangazo wa kupigiwa simu na kompyuta. Mbao za namna hiyo bado zipo, ila siku hizi nyingi hufikiwa kwa intaneti.

Hapa Kenya, wanaokumbuka miaka ya 1990 wanakumbuka pia mlio wa modemu kwenye laini ya simu ya mezani. Mtu akiinua mkono wa simu sebuleni, mawasiliano yanakatika. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipoanza kazi mwaka 2009, enzi hiyo ilianza kufungwa.

Kanuni moja kabla ya kuanza

Badilisha kitu kimoja, kisha ujaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mambo yakakubali, hutajua dawa ilikuwa ipi. Yakizidi kuharibika, hutajua sumu ilikuwa ipi. Weka daftari kando na uandike kila unachobadilisha.

Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima nikiilaumu ruta ya nyumbani. Niliizima na kuiwasha mara nne. Mwishowe nikagundua kwamba modemu nilikuwa nimeiweka kwenye COM2 ilhali programu yangu ilikuwa ikiongea na COM1. Ruta haikuwa na kosa lolote. Laiti ningeanzia hatua ya pili na ya tatu hapa chini, ningemaliza kwa dakika tano.

Hatua ya 1: Je, kompyuta yenyewe ina intaneti?

Fungua tovuti yoyote kwa kivinjari chako cha kawaida. Isipofunguka, shida haimo ndani ya DOSBox. Angalia kifurushi chako cha data, Wi-Fi au waya kwanza.

Hatua ya 2: Je, modemu imewashwa kwenye mipangilio?

DOSBox haiwashi modemu yenyewe. Fungua faili ya mipangilio na utafute sehemu iliyoandikwa [serial]. Kwa kawaida utakuta serial1=dummy, maana yake ni tundu bandia lisilo na kifaa. Badilisha mstari huo usomeke hivi:

serial1=modem listenport:5000

Hakikisha mstari hauanzi na alama ya #, kwa maana DOSBox huruka kila mstari wenye alama hiyo mwanzoni. Hifadhi faili, funga DOSBox kabisa, kisha uifungue upya. Wengi hukwama hapa: wamebadilisha faili, lakini DOSBox iliyo mbele yao bado inatumia mipangilio ya awali.

Hatua ya 3: Je, modemu inajibu?

Ndani ya DOSBox, fungua programu ya terminali kama vile Telix. Ichagulie COM1, kwa sababu serial1 ni COM1 na serial2 ni COM2. Andika AT, kisha bonyeza Enter. Soma jibu:

• Ukipata OK, modemu iko hai na inakusikia. Nenda hatua ya 4.
• Ukipata ERROR, modemu iko hai lakini amri imekosewa. Andika upya.
• Ukipata OK lakini huoni herufi unazoandika, modemu hairudishi maandishi yako. Andika ATE1.
• Usipopata chochote, terminali na modemu hazijakutana. Rudi uangalie nambari ya COM, kisha faili ya mipangilio.

Zingatia kwamba katika hatua hii intaneti haihusiki hata kidogo. AT isipojibiwa, usiiguse ruta.

Hatua ya 4: Jipigie simu mwenyewe

Hiki ndicho kipimo chenye manufaa zaidi, na wengi hawakijui. Nakili faili yako ya mipangilio na uipe jina jingine. Katika nakala hiyo weka listenport:5001, kwa sababu programu mbili haziwezi kusikiliza kwenye mlango mmoja. Fungua DOSBox mbili, kila moja na faili yake, na ufungue terminali katika zote mbili. Terminali ni lazima iwe wazi upande unaopigiwa. Ikiwa imefungwa, modemu haipokei simu.

Katika dirisha la pili andika:

ATDT127.0.0.1:5000

Anwani 127.0.0.1 humaanisha "kompyuta hii hii". Nambari 5000 ni mlango unaobishwa. Dirisha la kwanza linapaswa kuonyesha RING. Jibu kwa kuandika ATA. Pande zote mbili zikionyesha CONNECT, unachoandika huku kitatokea kule. Basi umethibitisha kwamba DOSBox, modemu na terminali ni nzima. Kuanzia hapa, hitilafu yoyote iko nje.

Hatua ya 5: Piga nje

Sasa piga kwa jina la ubao unaoutaka na nambari ya mlango wake, ukitenganisha kwa nukta pacha. Usipotaja mlango, DOSBox hubisha mlango wa 23, na si kila ubao hutumia huo. Ukijibiwa NO CARRIER, angalia muda uliopita kabla ya jibu.

Jibu likija papo hapo, huenda jina umelikosea, au umeifikia kompyuta ya mbali lakini mlango uliobisha umefungwa. Kagua tahajia na nambari. Jibu likichelewa sana, huenda ombi lako linazuiwa njiani, au kompyuta hiyo imezimwa.

Ili kujua ni kipi, jaribu kufikia anwani hiyo hiyo kwa programu ya telnet iliyo nje ya DOSBox. Ikishindwa nayo, usihangaike tena na emuleta. Ikiwa uko kwenye mtandao wa shule au afisi, jaribu kwa intaneti ya simu yako. Ikikubali kwa simu, basi mtandao wa taasisi umefunga mlango huo. Mwone msimamizi wake na uombe ruhusa. Usitafute njia ya panya.

Baadhi ya terminali za zamani hazikubali nukta katika nambari ya simu. DOSBox ina suluhisho: andika anwani kwa tarakimu 12 bila nukta, ukijaza sufuri. Hivyo 192.168.1.5 inakuwa 192168001005.

Hatua ya 6: Unapigiwa lakini simu haiingii?

Anza na jirani wa mtandao mmoja nawe. Akupigie kwa anwani yako ya ndani, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Ikishindikana, programu ya ulinzi ya kompyuta yako huenda inaizuia DOSBox. Kwenye Linux, milango iliyo chini ya 1024 kwa kawaida huhitaji ruhusa ya msimamizi, ndiyo maana tumechagua 5000.

Anayepiga kutoka mji mwingine hawezi kutumia anwani hiyo ya ndani. Ruta yako lazima ielekezwe ipitishe mlango wa 5000 hadi kwenye kompyuta yako. Na ikiwa unatumia intaneti ya simu ya mkononi, mara nyingi kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo unaweza kupiga lakini huwezi kupigiwa, na hakuna mpangilio wa DOSBox utakaobadilisha hilo. Kulijua ni kuokoa siku nzima.

Hatua ya 7: Umeunganishwa lakini unaona takataka

Kwenye terminali, chagua biti 8, bila usawa, na biti 1 ya kikomo, mpangilio unaoandikwa 8N1. Chagua pia uigaji wa ANSI ili rangi na michoro ya ubao ionekane sawasawa. Alama za ajabu zikitokea mwanzoni tu mwa mawasiliano, andika AT+NET1 kabla ya kupiga, ili modemu ielewe lugha ya telnet. Ukijibiwa ERROR, toleo lako halina amri hiyo.

Kukata simu, tulia sekunde moja, andika +++ bila Enter, tulia tena, kisha uandike ATH.

Tahadhari

Kwanza, mawasiliano haya hayafichwi. Kila herufi hupita wazi, hata nywila. Usitumie nywila ya barua pepe, ya benki wala PIN ya simu kwenye ubao wowote. Tunga nywila ya pekee kwa ajili ya mazoezi.

Pili, mlango ukifunguliwa kwenye ruta hubishwa na kila mtu duniani, si rafiki yako peke yake. Ufunge ukimaliza. Usifanye zoezi hili kwenye kompyuta iliyo na rekodi za wagonjwa, wanafunzi au wanachama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde.

Tatu, piga tu kwenye kompyuta inayokaribisha wageni au ya mtu aliyekuruhusu. Kuingia kwenye mfumo wa mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018.

Kwa ufupi

Intaneti ya kompyuta, faili ya mipangilio, jibu la AT, kujipigia, kupiga nje, kupigiwa, kisha maandishi. Ufuate mpangilio huo bila kuruka. Kila hatua inayokubali hukuondolea mashaka juu ya kila kilicho nyuma yake, na eneo la kutafuta linazidi kuwa dogo hadi hitilafu ikose pa kujificha.

Walimu, tunawahimiza mjaribu hatua ya 4 darasani: kompyuta moja yatosha, na haihitaji hata senti moja ya data.