Mtoto ashindwaye kusoma si mjinga

Baba mmoja alinijia kliniki na mwanawe wa gredi ya tano. Mtoto huyu hutengeneza redio mbovu na kupiga hesabu za dukani kichwani, lakini akipewa kitabu cha Kiingereza hukwama kila neno. Shuleni aliitwa mvivu. Baba aliuliza: "Daktari, niuze ng'ombe apigwe picha ya ubongo?"

Nitalijibu swali hilo hapa kwa faida ya wazazi wengine.

Tatizo hili huitwa disleksia, nalo si geni. Mwaka wa 1896 daktari wa Uingereza, William Pringle Morgan, alieleza habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu wa hesabu lakini hakuweza kusoma. Enzi hizo iliitwa upofu wa maneno. Leo twajua kwamba chanzo si macho.

Tumejuaje? Tangu miaka ya 1990 wataalamu hutumia mashine yenye sumaku yenye nguvu, isiyotumia eksirei, kutazama ubongo ukiwa kazini. Sehemu inayofanya kazi hupelekewa damu zaidi yenye oksijeni, na mashine hutambua badiliko hilo. Tunaposoma, sehemu tatu za upande wa kushoto hushirikiana. Ya mbele hushughulikia matamshi. Ya pili, juu na nyuma ya sikio, huunganisha herufi na sauti. Ya tatu, chini kuelekea kisogoni, hutambua neno upesi. Kwa mwenye disleksia, hizo mbili za nyuma kwa kawaida hufanya kazi kidogo. Mara nyingi hali hii hurithiwa.

Mwaka wa 2001 watafiti walilinganisha wasomaji wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma vizuri zaidi kwa kuwa lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, lakini ubongo wa wote ulionyesha upungufu ule ule. Kiswahili nacho huandikwa kama kinavyotamkwa. Basi mtoto aweza kusoma Kiswahili polepole bila makosa mengi, kisha akashindwa na Kiingereza. Usidhani anafanya makusudi.

Je, ng'ombe auzwe? La. Picha hizi ni za utafiti wa kulinganisha vikundi vya watu, na haziwezi kuthibitisha disleksia kwa mtoto mmoja. Lakini mtoto akipatwa na kifafa, akiumia kichwa, au akipoteza uwezo wa kusoma aliokuwa nao, mpeleke hospitali haraka.

Kwa wengine, anza kwa kupima macho na masikio. Kisha uliza ofisi ya elimu iliyo karibu nawe kuhusu kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum.

Disleksia haina dawa ya kumeza. Tiba yake ni mafunzo: kutenganisha sauti za neno, kuzioanisha na herufi, na kusoma kwa sauti kila siku. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2004 ulihusu watoto wa miaka 6 hadi 9 waliofundishwa hivyo kwa miezi minane. Walisoma vizuri zaidi, na picha zikaonyesha sehemu za kushoto za ubongo zikifanya kazi zaidi. Kiboko na matusi havifanyi hivyo. Humfanya mtoto achukie kitabu tu.

Nilimwambia baba yule amwache ng'ombe wake zizini, ampeleke mwanawe kwa mwalimu aliyesomea kazi hii, na asingoje muhula ujao.