Mafunzo Sita Niliyopata kwa Kulea Mtoto Mwenye Pumu ya Ngozi

Mwanangu wa pili alizaliwa Tanga mwaka 1995. Miezi mitatu ya mwanzo mashavu yake yalikuwa laini; wa nne yakaanza kukwaruza kama msasa. Kabla hajatimiza mwaka, kila asubuhi nilikuta vidoadoa vya damu kwenye shuka lake. Kwetu ugonjwa huu huitwa pumu ya ngozi; vitabuni ni ukurutu. Sasa yeye ni baba, na mwanawe amerithi ngozi ileile. Akinipigia simu usiku, namweleza haya, pamoja na makosa niliyomfanyia yeye.

1. Ngozi inayowasha si ngozi chafu

Nilikuwa namwogesha mara tatu kwa siku. Nilitumia sabuni ya dawa na dodoki, na kwenye beseni nilitia dawa ya kuua vijidudu. Alikuwa akilia kila nikimtia majini, nami nikaamini kilio kile ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Ngozi ya mtoto huyu ni kama ukuta wenye nyufa: unyevu unatoka, viwashi vinaingia. Mimi nilikuwa nabomoa udongo kidogo uliobaki. Muogeshe mara moja kwa siku kwa maji vuguvugu, dakika 5 hadi 10, na kama unatumia sabuni, iwe isiyo na manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na kanga laini, usimsugue. Kisha mpake mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika 3. Rudia kupaka mchana, hata siku ambayo ngozi inaonekana nzima. Kilio kile kilikuwa cha maumivu, na ningemsikiliza mapema angeteseka kidogo.

2. Kopo la mafuta nalo hubeba vijidudu

Mafuta yetu yalikaa kwenye kopo kubwa mezani. Mimi nilichovya, dada yake akachovya, na bibi yake akitoka kuparua samaki naye alichovya. Vidonda vilikuwa vikipona Jumatatu na kufumka Ijumaa. Siku moja muuguzi alilifungua kopo, akaliangalia kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Mama, humu mnachovya wangapi?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Kuna bakteria, aina ya stafilokokasi, wanaopenda kukaa kwenye ngozi yenye ukurutu, na vidole vyetu vilikuwa vikiwahamisha kutoka kidondani hadi kopo na kuwarudisha. Chota mafuta kwa kijiko safi, nawa mikono kabla ya kupaka, mpe mtoto taulo lake peke yake, na kata kucha zake ziwe fupi. Pumu ya ngozi haiambukizi, lakini vijidudu vinavyoingia kwenye vidonda vyake vinaambukiza.

3. Usisubiri wekundu

Niliambiwa ngozi iliyoingiwa na vijidudu huwa nyekundu. Nilisubiri wekundu siku nne nzima, na hapo mtoto alikuwa amekwisha kupata homa na tezi za shingo zimevimba.

Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha. Unachoona ni sehemu iliyokoza weusi, au yenye rangi ya zambarau, au ya kijivu. Dalili zinazosema kweli ni nyingine: majimaji yanayovuja, vigaga vya rangi ya asali, usaha, joto ukiweka kiganja, na mtoto kuumwa sehemu ambayo jana ilimwasha tu. Ukiona hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kukiwa na homa au mtoto amelegea, usingoje hata asubuhi. Akiandikiwa antibiotiki ya kunywa, maliza dozi. Antibiotiki inaua bakteria lakini haitibu pumu yenyewe, kwa hiyo endelea na mafuta na dawa ya ngozi kama ulivyoelekezwa.

4. Dawa ya kupaka ina kipimo

Jirani aliyenipenda aliniletea tyubu kutoka duka la dawa. Ndani ya siku tatu uso wa mtoto uling'aa, nikamshukuru Mungu. Niliendelea kumpaka miezi mitano bila kumuuliza mtu. Ngozi ya uso ikawa nyembamba na iliyopauka, na kila nikiacha, vipele vilirudi kwa hasira. Krimu ile ilikuwa na steroidi kali, iliyochanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria.

Tulipofika kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, niliogopa kiasi cha kuzikataa steroidi zote. Hilo nalo lilikuwa kosa. Steroidi hafifu, kama haidrokotisoni ya asilimia 1, ikitumika kwa siku chache kwa maelekezo ya mtaalamu, ndiyo inayozima moto ili mtoto alale. Kipimo nilichofundishwa sijakisahau: dawa inayotoka kwenye tyubu kwa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha mtu mzima inatosha eneo la viganja viwili vyake.

5. Kuna busu la kukataa

Mjukuu wangu alipokuwa na miezi 14, ndugu mmoja mwenye malengelenge mdomoni alimbusu shavuni wakati wa Idi. Baada ya siku chache yakazuka malengelenge madogo yanayolingana, kisha yakawa vishimo kana kwamba ngozi imetobolewa kwa msumari, na homa ikapanda. Nilikumbuka onyo nililopewa kule Moshi kuhusu malengelenge kwenye ngozi ya ukurutu. Tulifika hospitali usiku uleule, akapewa dawa ya kuua virusi.

Hivi ni virusi vya herpesi. Kwa mtu mzima ni kidonda cha wiki moja mdomoni, lakini kwenye ngozi ya ukurutu huenea haraka, na karibu na macho ni hatari zaidi. Nilimwonea haya mgeni, nikanyamaza. Leo nasema mlangoni, kwa heshima: "Mpungie mkono tu, mwenye kidonda asimbusu."

6. Usimnyime chakula kwa kukisia

Kila aliyepita nyumbani alitaja chakula kimoja cha kuacha. Nikaacha mayai, samaki, maziwa na karanga. Ngozi haikubadilika, ila mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ulilala.

Wapo watoto wenye mzio wa kweli wa chakula, na hao hupimwa na daktari. Lakini mwaka 2015 utafiti uliofanyika Uingereza ulinishangaza: watoto wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai walioanza kula karanga wakiwa wachanga walipata mzio wa karanga mara chache zaidi kuliko walionyimwa. Kumbe uji wa karanga niliouondoa mezani huenda ungekuwa kinga. Kama mtoto ana ukurutu mkali, muulize daktari kwanza. Na karanga ziwe zimesagwa laini, kwani punje nzima humkaba mtoto mdogo.

Mwanangu alipona taratibu. Limebaki doa kwenye mkunjo wa kiwiko. Nilitafuta miaka miwili dawa ya kumaliza kila kitu kwa siku moja, na kilichomponya ni kazi ndogo iliyorudiwa asubuhi na jioni bila kukosa. Juzi nilimtembelea, nikamkuta amemlaza mwanawe kwenye kanga, amenawa mikono, anachota mafuta. Ndani ya kopo kulikuwa na kijiko.